Viduara Vyekundu vya Mama wa Taipu

Ujumbe ulinifikia Jumatatu nikianua nguo, na ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza kile cha matangazo. Kwa Kiswahili ulisema hivi: kifo kinatangazwa, jamaa na marafiki wanajulishwa, mipango ya mazishi inafanywa. Kabla hata sijafika kwenye jina nikauliza kwa sauti pale uani, peke yangu: kinatangazwa na nani? Halafu nikasoma jina. Aliyekufa ndiye aliyenizoesha kuuliza hivyo.

Mnaosoma ukurasa huu mnajua sitaji majina. Pale Kenyenya, karibu na ofisi za kaunti ndogo, wote tulimwita Mama wa Taipu, ingawa mashine ya taipu alikuwa ameiweka juu ya kabati miaka mingi, na kazi aliifanya kwa kompyuta na printa iliyokuwa ikikohoa kuliko yeye. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, alikuja huku akiwa msichana wa kazi ya ofisini na hakurudi. Ekegusii chake, lugha yetu ya huku, kiliishia kwenye salamu. Kwa hiyo kila mteja, hata nyanya aliyetoka Nyamarambe na Kiswahili cha kuokoteza, alilazimika kumweleza shida yake kwa Kiswahili, naye aiandike kwa Kiingereza: barua kwa chifu, kwa shule, kwa hospitali, kwa kiwanda cha chai. Ukija na karatasi uliyoandika mwenyewe, alichukua kalamu nyekundu, na kila mahali palipofanyika jambo bila mtu wa kulifanya alichora kiduara kitupu. Kisha alikurudishia. Hakupiga chapa mpaka viduara vijae majina. Wengi walimtukana wakaenda kwa jirani yake, kijana wa saiba, duka la intaneti, aliyechapa chochote unachompa.

Mimi nilimwendea kwa ajili ya binti yangu. Alikuwa gredi ya tatu, na uji moto ulimwunguza mkono na kifua shuleni. Shule iliniandikia barua fupi kwa Kiingereza safi. Uji ulimwagika. Mtoto aliunguzwa. Huduma ya kwanza ilitolewa. Tukio linajutiwa. Niliisoma mara tatu nikimtafuta mtu ndani yake, nisimwone. Nikakaa chini na hasira zangu nikaandika jibu, na kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na Kiingereza nilipita, nililiandika kwa Kiingereza kilekile, maana ndivyo tulivyofundishwa: barua rasmi haionyeshi mtu. Hata kwenye maabara, ukimwaga maji chupani, unaandika kwamba maji yalimwagwa. Nilijiona nimeweza. Nikaipeleka Kenyenya ichapwe, na Mama wa Taipu akachora viduara saba.

“Mama,” akaniambia, “hii uji iko na miguu?”

“Aje?”

“Umeandika ilimwagika. Ilitoka jikoni yenyewe ikatembea mpaka kwa mtoto?”

“Shule ndiyo imeandika hivyo.”

“Shule inajificha. Wewe unawasaidia kujificha ya nini? Nani alibeba sufuria?”

“Yeye na mwenzake. Wanafunzi.”

“Wa miaka minane! Nani aliwatuma?”

“Mwalimu wa zamu. Ilikuwa inapelekwa kwa chumba cha walimu...”

“Huyo ndiye hayuko kwa barua yako.”

Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake akacheka. “Leo umepatikana, mama.” Nikamwambia aangalie karatasi yake kwanza, maana ilikuwa na wekundu kama mtoto wa surua.

Tukajaza kimoja kimoja mpaka kikabaki cha mwisho. Nilikuwa nimeandika kwamba matibabu yalicheleweshwa. Akauliza ni nani aliyechelewesha. Wasomaji wangu, ukweli ni huu: shule ilimrudisha mtoto nyumbani mchana ule, nami nilipomwona jioni nilimpaka dawa ya meno, nikamfunga leso, na asubuhi nikamwacha kwa bibi yake nikaenda Gesima kuchuma chai, kwa sababu majani yalikuwa yamekuwa tayari na shangazi yangu wa huko alikuwa ananingoja. Siku mbili. Siku ya tatu kidonda kilikuwa kinanuka.

“Ni mimi,” nikasema.

“Basi andika.”

“Nikiandika watasema makosa ni yangu.”

“Watasema. Lakini hakuna atakayesema wewe ni mwongo.”

Nilichukua karatasi yangu nikaondoka bila kuaga. Nilikuwa nimekuja kushtaki, sikuja kuungama. Njia nzima nilimtukana moyoni, mwanamke wa watu asiye na mtoto shuleni anajua nini. Kesho yake nilirudi. Kile kiduara nilikuwa nimekijaza.

Barua ilisomwa na mwalimu mkuu kwenye kikao cha wazazi. Alianza kwa kusema jambo hilo linashughulikiwa. Kisha akafika pale nilipoandika kwamba mimi, mama yake, nilikaa siku mbili bila kumpeleka hospitali. Kuna wazazi walionitazama vibaya, na sitasema haikuniuma. Lakini mwalimu wa zamu, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alisimama. Alisema, “Huyu mama ametaja lake. Watoto niliwatuma mimi. Mpishi hakuwako, nikaona ni karibu, nikawatuma.” Hakuna aliyempigia kelele. Siku hiyohiyo tulikubaliana kwamba mtoto hatabeba tena chombo cha moto, na mpishi akapewa mtu mzima wa kumsaidia. Mkono wa binti yangu una kovu na kidole kimoja hakinyooki sawasawa. Hilo halikubadilika. Ila wadogo zake watapita shule hiyo na hawatatumwa uji.

Nilipompelekea habari, Mama wa Taipu hakushangilia. Alinikaribisha chai ya kwenye thamosi, akanisimulia habari ya ofisi aliyofanyia kazi zamani, ofisi ambayo haiko tena. Siku moja bosi alimpa karatasi yenye mistari michache na orodha ya wafanyakazi. Kwa Kiingereza, mistari ilisema: imeamuliwa kwamba huduma zako hazihitajiki tena. Alipiga taipu barua hiyo asubuhi nzima, akibadilisha jina tu. Mfagiaji aliyekuwa akimletea maji ya kunywa alipopokea ya kwake alimwuliza, “Nani ameamua?” Akamjibu, “Mimi ni wa taipu tu.” Alipofika mwisho wa orodha akakuta jina lake. Akaipiga hiyo pia, bila kukosea herufi, akaipeleka isainiwe pamoja na nyingine. “Na mimi nikaenda nikauliza nani ameamua,” akaniambia. “Kila mlango wananiambia ni mlango ule mwingine. Mpaka leo sijui. Lakini mwenye alichapa, huyo najua.”

Msidhani alikuwa na wazimu wa kuchorachora. Nyanya wa Nyamarambe aliandikiwa kwamba mahindi yake yaliibwa, bila kiduara chochote, kwa sababu kweli hakujua mwizi. “Kama hujui, sema hujui,” alikuwa akisema. Aliruhusu pia barua ya jirani mmoja iliyosema ng'ombe alifunguliwa usiku, kwa vile wote wawili walijua ni mtoto gani na walikuwa wamekwisha kupatana. Hakuchukia Kiingereza, na hiyo kauli ambayo walimu huiita ya kutendwa hakuiona dhambi. Alichokataa ni kuitumia kama pazia. Mnipe barua yoyote mliyoletewa na ofisi mwaka huu, ya maji, ya barabara, ya shule, nami nitawaonyesha pazia hilo. Imebainika. Hatua zitachukuliwa. Usumbufu unajutiwa. Tunazipokea, tunazikunja, tunaziweka chini ya godoro, na sisi wenyewe tukikaa kuandika tunaandika vivyo hivyo, tukidhani hiyo ndiyo heshima. Mimi sikuwa nimeonewa na barua ya shule peke yake. Nilikuwa nimeinakili.

Tulimzika Ijumaa kwao, upande wa ziwa. Kutoka huku tulienda wachache, na yule mzee wa surua alikuwako. Waligawa karatasi ya ratiba yenye picha yake na maisha yake kwa Kiingereza kizuri. Alizaliwa. Aliajiriwa. Alipunguzwa kazini. Alipendwa. Atakumbukwa. Nilikuwa na kalamu ya binti yangu mkobani, nyekundu, ile ya kuchorea. Pale palipoandikwa alipunguzwa nilichora kiduara nikakiacha kitupu, maana yeye mwenyewe alikufa bila kujua, na mimi sijui. Nikachora kingine pale palipoandikwa atakumbukwa. Mzee akaniegemea kutazama, akanyoosha mkono akitaka kalamu. “Nipe, na mimi niandike,” akasema. Nikamwambia angoje, nianze kuandika jina langu.