Nilivyonasa blakbas ziwa Nzilo, mama mkwe akatokea nikiwa na chupi

Wakuu, heshima kwenu. Nitaeleza kwa mpangilio na bila chumvi. Mke wangu ameketi hapa kando, nikidanganya atanisahihisha.

Ilikuwa enzi za Zaïre. Mimi ni wa Kolwezi, fundi umeme niliyejifunza kwa vitabu. Nilipopata konji, yaani likizo ya kazini, mimi na mke wangu Ngalula tulikwenda kwa wazazi wake, kando ya ziwa Nzilo.

Kwa asili sisi ni Baluba wa Kasai. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuepukana. Hamtazamani usoni, hamshikani mikono, hamli pamoja. Na akikuona huna nguo, unatoa mbuzi wa kufuta aibu.

Mbuzi sikuwa naye.

Kosa langu lilikuwa mdomo. Siku ya kufika nilimwambia baba mkwe wasitafute kitoweo, kesho nitaleta samaki wa kula na bukari, ndiyo ugali wetu. Ngalula akanivuta pembeni.

"Weye? Ulivuaka samaki siku gani?"

"Nilisoma."

"Basi kesho tutakula kitabu."

Ni kweli nilikuwa nimesoma. Nilikuwa na kitabu cha Kifaransa kuhusu blakbas, yule samaki wa mdomo mkubwa ambaye Wazungu walimpandikiza kwenye maziwa yetu. Kilisema hujificha kwenye majani karibu na ukingo, kwa hiyo mtumbwi hauhitajiki. Simama nchi kavu, tupa chambo, vuta polepole.

Asubuhi nikachukua fimbo yangu ya mwanzi. Nikatupa, nikavuta polepole, nikapata majani. Nikahama, nikapata majani mengine. Kisayansi kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa samaki.

Mwishowe ndoano ikanasa kwenye kisiki ndani ya maji. Nilikuwa nimevaa abacost, suti yangu pekee ya kujia ukweni. Nikaivua, nikaikunja vizuri juu ya jiwe, nikaingia na chupi, maji mapajani. Ndoano ikaachia.

Kabla sijageuka, blakbas akaidaka.

Na hapo hapo mama mkwe akashuka njiani na beseni la mihogo ya kuloweka.

Nikakaa. Maji yakanifika kidevuni. Kile kitabu kilikuwa na sura ya upepo na sura ya mawingu. Sura ya mama mkwe hakikuwa nayo.

Yeye aliona abacost kwenye jiwe, akanipa mgongo papo hapo.

"Nani iko mu mayi?"

"Ni mi, mama. Mukwe."

"Kama unaoga, juu ya nini hauimbe, batu basikie?"

"Sioge, mama. Niko na samaki. Ananivuta."

"Mukubwa?"

"Wa kutosha siye bote."

"Simama basi, umuvute."

"Siwezi simama, mama."

Akafikiri kidogo. "Eeh. Na mi siwezi geuka."

Wakuu, pimeni hali yangu. Nikisimama, ni mbuzi. Nikikaa, samaki anaingia kwenye visiki, wakwe wanakula bukari na chumvi, na Ngalula anapata haki ya kunicheka maisha yote.

"Sukuma ile fimbo huku," mama mkwe akasema.

Akaja kinyumenyume hadi ukingoni, mkono nyuma, anapapasa. Nikaisukuma juu ya maji. Akaipata, akaiweka begani kama jembe, akaanza kupanda njia ya nyumbani bila kugeuka.

Blakbas akapita mbele ya pua yangu. Tulitazamana. Kisha akatoka majini, akavuka nyasi, akapanda mlima nyuma ya mama mkwe, akirukaruka.

Mchana tulikula wanaume peke yetu. Baba mkwe alilamba vidole.

"Kumbe mukwe yangu ni muvuvi."

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Ndipo Ngalula akaingia kutoka jikoni.

"Mama anasema musimusifu sana. Anasema mu mayi mulikuwa samaki bibili. Alibeba ya kupika, ile ingine akaiacha."

Funzo: usiahidi kitoweo ambacho bado kinaogelea. Na ukiwa majini, imba.

Lakini kuna jambo halijanitulia hadi leo. Hakuniona, hakunigusa. Ila kwa kitambo tulishika fimbo moja, yeye ncha ile, mimi ncha hii. Wajuzi wa mila, je, mbuzi anadaiwa?

Ngalula anasema ndiyo. Nipeni hoja za kumjibu.