Aliyekuja Kumtazama Farasi Mweusi

Pombe sijawahi kuionja, bangi siijui, na jioni ile nilikuwa nimetoka kuswali. Kwa hiyo usianze kuniambia kwamba niliota. Anayebisha aje Kasongo, aulize tu nyumba ya fundi cherehani mwenye farasi.

Ndiyo, farasi. Wadogo, wa bati na wa risasi, wa kusimama juu ya kiganja. Farasi hai haishi huku kwetu, mbung'o humaliza kazi kabla hajazoea majani. Hata Mbelgiji wetu, mtawala wa teritware hii, mwenye kila kitu, hana. Yeye hubebwa na watu mabegani kwa kiti cha tipoi. Lakini mimi hushonea kwenye baraza ya duka la Mgiriki, na kamyo, lori la mizigo, ikileta kasha jipya, farasi waliomo mimi ndiye wa kwanza kuwashika. Watu husimama wakingoja niseme. Huyu shingo nzuri. Huyu mkia umebandikwa kwa haraka. Nikisema amekosewa, atakaa rafuni mpaka apate kutu. Najisifu? Najisifu, sana tu.

Basi likaja kasha lenye farasi mweusi, ameinua mguu mmoja wa mbele. Wallahi, watu wote barazani walisogea karibu. Ramazani, mwuza samaki kutoka Nyangwe ambaye naye hukusanya farasi, akakunja uso.

"Magoti yake iko mubaya," akasema.

"Baba, wivu yako ndiyo iko mubaya," nikamjibu, nikamnunua farasi palepale.

Nyumbani nikamweka katikati ya wenzake, karibu na punda wa udongo aliyekatika sikio. Huyo nilipewa na jirani yangu Paulo, katekista, walipobadilisha sanamu za Noeli kanisani kwao. Nilimtazama punda yule mpaka nikamjua: kwato zake nyembamba, zimesimama. Za farasi ni pana, zimelala kidogo.

Magharibi ileile nikasikia hodi. Mgeni mrefu, kanzu nyeupe inaburura chini, ananukia udi. Akanisalimu vizuri.

"Ule farasi mupya, niko naomba kumuona."

Niamini, kwa fahari niliyokuwa nayo hata jina sikumwuliza. Nikaleta taa mwenyewe. Akawatazama wote bila kuwagusa, kisha akacheka polepole.

"Weye mutu ya Kasongo, farasi ya kweli haukumuonaka ata siku moya. Unajua kuhukumu nini?"

"Macho yangu inajua, Bwana."

"Basi tuyajaribu hayo macho. Ukikosea, nakwenda nayo."

Akapandisha kanzu mpaka magotini. Wewe ungefanya nini? Mimi nusura nijikojolee. Mguu wa mtu haukuwapo. Palikuwa na manyoya, na chini ya manyoya, kwato.

"Hii iko ya nani?" akauliza.

Alisimama kifua mbele, na nikaelewa jibu analolitaka. Niseme farasi, afurahi, aende zake. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini lini mimi nimesifu kilichokosewa? Nikashusha taa, nikachuchumaa, nikamchukua punda wa Paulo nikamweka kando ya ile kwato. Nyembamba. Imesimama.

"Bwana," nikasema, "hii iko ya punda. Lakini punda muzuri."

Nikafumba macho nikiuaga mwanga wa dunia. Kisha nikasikia kanzu ikishuka.

"Tangu zamani nauliza," akasema kwa sauti ya chini. "Wanakimbia, ao wananidanganya. Weye tu ulichuchumaa."

Nilipofumbua macho hakuwapo. Zilibaki alama mbili za kwato kwenye sakafu ya udongo. Asubuhi Ramazani alikuja, akaziona, akachuchumaa akazipima kwa vidole vyake. Mpaka leo nimekataza watu wasizipake udongo. Watu hutoka Wamaza, hutoka Salamabila, kuja kuzitazama, na mimi huzionyesha kichwa juu.

Tangu siku hiyo, kila anapokuja farasi mpya, magharibi mimi husikia hodi dirishani. "Na huyu mupya, iko namna gani?" Nami humwambia kweli tupu, naye huondoka. Nani mwingine Maniema nzima anaulizwa hivyo na jini?

Ila nakuonya. Akija kwako mgeni mwenye kanzu ya kuburura, akakuuliza jambo unalolijua, usikimbie, na usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Macho yakichukuliwa hayaoti tena. Juzi nilimweleza yule jini habari za farasi mpya, lakini hakuondoka.

"Na kwato yangu?" akauliza.

Macho yalianza kuniwasha. Nikayasugua, nikamjibu.

"Ingali ya punda, Bwana."