Chumba cha Mama Anzuruni

Mkonge unapopita korona, ile mashine ya kuparura majani, hunuka uchachu unaokaa puani hadi kesho yake. Harufu hiyo ndiyo utoto wangu. Tuliishi kambini, kwenye shamba karibu na Korogwe, miaka ile shamba lilipotaifishwa tukaambiwa sasa ni mali yetu. Mama yangu, Mzigua wa Kwamsisi, alianika singa, zile nyuzi za mkonge, kwenye nyaya pamoja na Mama Anzuruni, Mha aliyemfuata mumewe kutoka Kasulu. Mikono iliwachubuka sawasawa, ila majina yao hayakuandikwa popote: kazi ya mke iliingia kwenye kadi ya kazi ya mume, na chumba kadhalika.

Mume wa Mama Anzuruni alipofariki, mnyapara alimpa wiki moja ahame na wanawe watatu. Wanawake wakakubaliana pale kwenye nyaya: kwenye mkutano wa wafanyakazi yeye aseme, nao wasimame wote. "Sema, dada, tuko nyuma yako," mama alimwambia. Nilisikia kwa masikio yangu. Siku ya mkutano meneja alihubiri undugu hadi jasho likamtoka. Mama Anzuruni akasimama, mtoto mgongoni. "Ndugu meneja, shikamoo. Nimefanya kazi hapa miaka saba. Naomba kadi yangu mwenyewe, nibaki na wanangu." Meneja akauliza, "Nani mwingine ana shida hii?" Hakuna aliyesimama. Nilimvuta mama kanga. Akanifinya paja hadi nikalia. Leo najua alihofia baba asije akanyang'anywa kadi, lakini sijamsamehe. Meneja akacheka: "Basi ni shida ya mgeni mmoja." Mnyonge hana haki, wanasema, na wanyonge wenzake ndio tuliomnyima.

Aliondoka Alhamisi kwa miguu kuelekea stesheni, hakutuaga. Jumamosi tukapewa chumba chake, kwa kuwa kilipakana na chetu. Mama alikifagia huku akiimba. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kulala bila kubanana na kaka zangu.

Sasa, uzeeni, hualikwa kuwaeleza vibarua wa kike watokao mbali kwamba mkataba uandikwe kwa jina lao. Sheria ipo, karatasi zipo; mama zetu hawakuwa nazo. Majuzi, kwenye shamba la Kwamndolwa, binti mmoja aliniuliza, "Bibi, nikidai halafu nikafukuzwa, utanipa pa kulala?" Nyumba yangu ina vyumba vinne, na ninaishi peke yangu. "Swali zuri," nikamjibu, nikamwita mwingine.