Ridhaa ya Kumfaulisha Mtoto

Juzi nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja kule Mofu, nikashuhudia mtihani. Kijana anayesomea shahada ya uzamivu katika utafiti wa tiba alikuwa anapimwa namna anavyoomba ridhaa ya watu wa kujaribia chanjo mpya ya malaria. Mwalimu wake alisimama pembeni, mikono nyuma.

Kijana alimwamkia mama mmoja, akachuchumaa, akaeleza mpaka jasho likamtoka. "Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa sana, mwanangu. Nakubali."

Mwalimu akasogea. "Shikamoo, mama. Hebu nieleze, umekubali nini?"

Mama akamkazia macho. "Wewe nawe! Mtoto yuko kwenye mtihani, humwoni anavyotetemeka? Nimekubali ili afaulu."

"Basi hajafaulu. Alitakiwa akueleze hadi ujue kwamba unaweza kukataa."

Mama akaligeukia benchi. "Jamani, mtoto wa watu anafelishwa!"

"Na mimi nakubali!" akadakia mzee mmoja. "Hata mimi!" Benchi zima likaanza kukunja mikono ya nguo.

Watafiti wetu hawatakosa wa kukubali. Kazi ipo kumpata wa kukataa. Nikajitazama: nami nilikuwa nimeshakunja shati hadi begani, na pale nilikwenda kung'oa jino.