Mkono Juu ya Kichwa

Shuleni kwetu Malaba, miaka ile ya sitini, hakuna aliyemuuliza mtoto ana umri gani. Vyeti vya kuzaliwa hatukuwa navyo, na akina mama walihesabu miaka kwa mavuno ya wimbi na kwa ng'ombe waliokufa. Mwalimu alikuwa na kipimo chake. Unasimama wima, unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, unashika sikio la kushoto. Ukilishika unaingia darasa la kwanza. Usipolifikia unarudi nyumbani kukua.

Dada yangu alirudishwa nyumbani kukua mara ya kwanza nikiwa bado nachezea majivu jikoni. Januari iliyofuata alienda tena, na mama akanituma nimsindikize nimebeba kibuyu cha uji. Sikwenda kuandikishwa. Ninalisisitiza hilo kila ninaposimulia habari hii, na kila nikilisisitiza najisikia vibaya zaidi, kwa sababu jana yake nilikuwa nimejificha nyuma ya nyumba nikaujaribu mkono wangu, na sikio nilikuwa nimelishika.

Dada akasimama mbele ya mwalimu. Vidole vyake viliishia juu kidogo ya sikio. Akainamisha kichwa kuusaidia mkono, na mwalimu akakinyoosha kwa kiganja, bila ukali wowote.

"Bado," akasema. Kisha akaniona. "Na wewe wa kibuyu? Hebu leta mkono."

Niliweka kibuyu chini haraka mno. Nikalishika sikio lote mpaka kwenye ndewe, na nikaachia tabasamu ambalo hadi leo natamani ningeweza kulirudisha.

"Ingia ndani."

Nikaingia. Dada akaokota kibuyu, akarudi nacho nyumbani. Nilimwona kupitia dirisha, maana madirisha yetu hayakuwa na vioo wala mbao, akipita kando ya reli bila kugeuka nyuma.

Nyumbani hakuna aliyeshangaa. Wanawake wa pale kwetu walikuwa wakisema waziwazi, tena mbele yangu, kwamba mimi ndiye niliyemnyang'anya mwenzangu ziwa. Mama alishika mimba yangu dada akiwa bado ananyonya, na ilisadikiwa kwamba maziwa ya mama mjamzito yameharibika, kwa hiyo akaachishwa siku hiyohiyo. Akawekewa uji wa muhogo asubuhi na uji wa muhogo jioni. Maziwa ya ng'ombe yaliuzwa. Mayai yalikuwepo, kuku walitaga mpaka kitandani, lakini eti mtoto anayelishwa mayai huchelewa kusema, basi mayai yakapanda treni kwenda kuuzwa Tororo. Nywele za dada zikawa nyekundu, miguu ikavimba, uso ukajaa maji. Alipona, ila kimo kikabaki nyuma. Mimi nilipozaliwa nilikuta ziwa zima likinisubiri.

Niliyaelewa haya baadaye sana, nilipokuwa nasomea ualimu. Mkufunzi alituambia kwamba ule mkono juu ya kichwa haukuwa ukipima umri wala akili, ulikuwa ukipima chakula. Mtoto aliyekosa lishe miaka yake ya mwanzo hubaki mfupi wa mikono na huku akili zake zote anazo. Alilisema hilo akifuta ubao, akapiga chafya kwa vumbi la chaki, akaendelea na somo. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje. Mtu ataniambia basi si kosa lako, wewe ulizaliwa tu. Najua. Nimelijua hilo kwa miaka mingi na halijanipunguzia chochote.

Dada mwenyewe hakununa. Aliamua kuurefusha mkono. Kila asubuhi kabla ya ng'ombe kukamuliwa alining'inia kwenye boriti ya mlango wa zizi, nami nikiwa na sare yangu mpya namvuta miguu kwa nguvu zangu zote. Jioni mama aliupaka ule mkono samli na kuukanda. Tulicheka sana. Dada alisema mkono ukirefuka huo mmoja tu, atakuwa anafikia nyama iliyokaushwa juu ya dari bila kupanda kiti, na mimi nitakuwa namwomba.

Alikuwa na sababu yake ya kutaka shule. Baba alikuwa kibarua wa reli, na treni za mizigo zilisimama karibu na kwetu kungoja kuvuka kwenda Uganda. Dada alitaka kujua mabehewa yameandikwa nini. Nilipoanza kusoma nilimwambia ni namba tu na uzito wa mzigo. Hakuniamini. Akasema yeye akisoma ataona zaidi ya hapo, kwa sababu mimi nasoma haraka haraka kama mtu anayekimbizwa. Nilikasirika, lakini alikuwa amesema kweli.

Kati ya nyumbani na shule kulikuwa na kijito ambacho hakikukauka hata kiangazi. Mwalimu wa darasa alichapa watoto kwa sare chafu, na sare yangu ilikuwa moja. Basi kila asubuhi dada alinisindikiza hadi pale, akachuchumaa, nikapanda mgongoni, akanivusha. Kwake halikuwa jambo geni. Yeye ndiye aliyekuwa yaya wangu, alinibeba tangu yeye mwenyewe akiwa wa kubebwa. Akishanitua ng'ambo alisubiri kengele, ambayo ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mkalitusi, na hakuondoka mpaka imalize kulia.

Nilipofika darasa la tatu, dada akiwa amerudishwa tena na sasa umri unampita, tulipata mwalimu mkuu mpya, mtu wa mbali asiyetujua. Mama akapata wazo. Kwa kuwa kimo nilikuwa nimempita dada kwa kichwa kizima, tungesema yeye ndiye mdogo. Alilieleza wazo hilo jioni tukila, na dada akaendelea kutafuna bila kujibu. Sisi tukachukua kunyamaza kwake kuwa kukubali.

Asubuhi yake nikaitwa kutoka darasani. Nilimkuta mama amesimama mlangoni pa ofisi amejifunga leso yake ya kanisani, na dada mbele ya meza. Mwalimu alikuwa anataka kuuona ule mkono. Dada akaupandisha, akaupitisha juu ya kichwa kilichonyooka kabisa, akalishika sikio lake lote. Mama akapiga kigelegele kidogo akajiziba mdomo. Mimi moyo ulinidunda kwa furaha ya kweli, na hilo naomba niaminiwe.

"Vizuri," mwalimu akasema. "Lakini hayo meno ni ya mtu mkubwa." Akanigeukia mimi. "Huyu ni mdogo wako?"

"Ndiyo, mwalimu," nikasema.

Ilinitoka kwa urahisi mno. Nimeigeuza ile ndiyo kila upande maisha yangu yote. Nilisema kwa ajili yake, sawa, lakini ilikuwa tamu mdomoni, na nadhani dada aliusikia ule utamu. Alinitazama mimi kwanza, si mwalimu.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Huyu ndiye mtoto. Ni mimi mkubwa. Ni mimi nilikuwa nambeba kwa mgongo."

Mama alishusha macho. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Kumbe. Sasa, mama, kama mdogo wake ako darasa la tatu, huyu amepita umri. Darasa la kwanza imejaa, nafasi ni ya watoto wadogo. Pole sana, mama."

Darasani kwetu kulikuwa na wavulana wenye sauti nzito waliokuwa wakinyoa ndevu, na hao hakuna aliyewaambia wamepita. Lakini hao walikuwa wavulana. Nikarudishwa darasani, tulikuwa tunafanya hesabu za kugawanya. Mama akaenda sokoni Malaba kwa sababu karanga zake zilikuwa zimeshafungwa na zilibidi ziuzwe.

Nilipotoka jioni nilimkuta dada nje ya ua wa shule. Alikuwa amekaa pale siku nzima. Tukashika njia. Nilitaka kumwomba msamaha lakini sikujua niseme wa nini, maana orodha ilikuwa ndefu na nusu yake niliitenda kabla sijazaliwa. Machozi yalinijaa, nikayameza, nikiona sina haki ya kulia mbele yake.

Tulipofika kijitoni nilianza kukunja sare yangu nivuke mwenyewe. Maji yalikuwa ya magotini tu, na siku hiyo nilitaka kuchafuka, nilitaka kesho nichapwe.

"Acha," akasema. Akachuchumaa kama siku zote, akanipa mgongo. "Panda. Utaichafua."

Nilikuwa mrefu kuliko yeye. Nilipopanda miguu yangu iliburuzika majini pande zote mbili, nikaikunja ili asihisi.