Kuni za Itara Jikoni Mwangu

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishtua. Shule niliacha darasa la sita, nikamsaidia mama kuuza mkaa Riruta, nikauza matairi yaliyotumika, nikajenga ploti ya vyumba ishirini, halafu nikanunua nyumba Lavington kwa pesa taslimu, majirani wenye digrii wakihangaika na mikopo. Hiyo nyumba naikodisha kwa mtandao; wageni wa siku mbili tatu wakiingia, mimi na mke wangu tunahamia kijumba cha wafanyakazi huko nyuma. Watu wanacheka. Wacheke. Nimekodishia hata mchungaji aliyeondoka na taulo zangu. Nilijua nimeona yote.

Ijumaa hiyo akaja kijana wa viatu vya kung'aa. Siku mbili zilikuwa zimeshalipwa kwa simu. "Kesho ni chakula cha familia tu, mkubwa," akaniambia.

Kesho yake namwagilia maua, gambuti miguuni, magari matatu yakaingia. Wakashuka kina mama wenye vitambaa sare vya kichwa, wanaimba, wengine wamebeba kuni mgongoni, wengine magunia ya unga, sufuria mpya, chupa za chai. Mimi ni Mkikuyu, sikuhitaji kuambiwa. Hiyo ni itara: mama wa msichana na wenzake wanakuja kuona nyumba ambamo binti yao ataolewa, na kumjazia jiko. Damu ikapanda. Itara huletwa kwa mwanamume mwenye kwake, si kwa mtu anayerudisha ufunguo Jumapili!

Mama wa msichana akanitazama toka gambuti mpaka kofia. "Wewe baba wa shamba, mbona umesimama kama mlingoti? Njoo ubebe kuni."

Mke wangu akanivuta shati. "Mzee, nyamaza. Wameshalipa."

"Wamelipia kulala! Hawakulipa nikuwe boi wao!"

Lakini nilibeba. Nilitaka kuiona hiyo sinema mpaka ndani.

Jikoni walikuwa wametoa vyombo vyangu kabatini, wakavirundika karibu na pipa la taka, wanapanga vyao. Mmoja akapitisha kidole juu ya friji akitafuta vumbi. Hakupata. Hata na hasira zangu zote, nilijisikia vizuri.

Ndipo nikasikia sebuleni mama wa msichana akiuliza, "Na huyu kwa picha ni nani?"

"Huyo ni shosho wangu, mama wa baba," kijana akajibu. "Alikuwa na mashamba ya chai. Ndiye aliniachia hii nyumba."

Mashamba ya chai! Mama yangu tulimzika na weusi wa mkaa bado kwenye kucha. Kuni nikaziangusha hapo hapo kwa vigae.

"Huyo ni mama yangu! Aliuza mkaa kwa mikebe! Na nyumba ni yangu, mimi huyu wa gambuti. Wewe toa simu uwaonyeshe risiti!"

Nyimbo zikakatika. Kijana akaangalia viatu vyake. Aliyejibu ni msichana mwenyewe, aliyekuwa nyuma ya kina mama, machozi yanamtoka.

"Mama, nyumba nilichagua mimi. Nililipa mimi. Yeye anaishi chumba kimoja Riruta. Ungekubali?"

"Chumba kimoja Riruta kina aibu gani?" Nilipiga kelele mpaka bawabu akaja. "Mimi nimelelewa humo! Huyo mnayemwita mwenye chai alinilea humo!"

Mama mtu akageuka. Akamwambia binti, "Ingia gari." Mwanamke mmoja akainama kuchukua unga. "Wacha," mama akamkatiza. "Kitu cha itara kikishaingia jikoni, mimi sikirudishi kwangu. Ni mkosi."

"Na mimi sili zawadi ya bibi harusi wa mtu," nikasema. "Taja bei."

Akataja mpaka kiberiti. Nikamtumia kwa simu kabla hajafunga mlango wa gari. Akasimulie huko kwao kwamba baba wa shamba ndiye aliyemlipa.

Kijana aliondoka na gari la mwisho. Hakuna aliyeomba radhi. Jumatatu msichana akashtaki kwa wenye mtandao kwamba mwenye nyumba aliwavamia na kuwatukana wageni. Wakamrudishia kila senti, bila kuniuliza. Kuni mke wangu anachemshia githeri ya mahindi na maharagwe, akicheka. Picha ya mama nimehamishia kijumbani. Hakuna mpangaji ataibandika ukoo tena.

Itara yao elfu thelathini na nane, mia sita hamsini. Kodi niliyonyang'anywa, elfu ishirini na nne. Jumla, shilingi elfu sitini na mbili, mia sita hamsini.