Ngano ya Plamen

Mji wa Lom ulimjua Vesela Radkova kama mwalimu mstaafu wa lugha na kama mwanamke ambaye sifa yake haikuwahi kulala bila kutangazwa. Mtu akiandika gazetini, hata mistari miwili, kwamba mashairi ya Vesela yanasomeka, kabla ya mchana ukurasa wake wa Facebook ulikuwa umeshapambwa: picha ya gazeti, picha ya kitabu kando ya kikombe cha kahawa, na chini yake, "Nashukuru kwa unyenyekevu mkubwa." Wavuvi wa gatini waliusoma unyenyekevu huo wakacheka.

"Chema chajiuza," alisema mmoja wao. "Huyu wetu kila siku yuko njiani na kapu lake."

Maneno hayo yalimfikia, akayameza. Hakuolewa, hakuzaa, na vitabu vyake viwili vya mwanzo vilipita kama manyunyu juu ya bati: kelele kidogo, kisha pakakauka. Kama asingejitangaza, angetangazwa na nani?

Kitabu cha tatu kilikuwa na shairi la Plamen.

Plamen alikuwa mtoto wa Donka, dada mkubwa wa Vesela, muuza mboga sokoni. Alikwenda Uhispania kujenga maghorofa, akaanguka kutoka juu, akarudishwa ndani ya sanduku la bati ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifungua. Siku ya mazishi Donka hakulia. Gari lilipokuwa tayari kuondoka kwenda makaburini, alimwendea dereva, akamshika mkono wa shati, akamwambia, "Usikate kona kwa kasi, mwanangu. Huyu tangu utotoni gari humtapisha."

Vesela alikuwa amesimama nyuma yake na shada la maua. Aliyasikia maneno yale, na kabla udongo wa kaburi haujakauka alikuwa ameshayaandika. Katika shairi, mama ndiye anayesema: mimi, mwanangu, sanduku langu. Hakumwomba Donka ruhusa. Donka hakuwa msomaji wa mashairi. Alikuwa akisema yanamletea usingizi.

Ndipo gazeti moja la fasihi la Sofia, mji mkuu, likatoa uhakiki wa ukurasa mzima. Mhakiki, Bwana Kamburov, alikuwa hajawahi kumwona Vesela wala kufika Lom. Aliandika kwamba mshairi huyu amemzika mwanawe, na kutoka kaburini ametuletea mstari ambao lugha yetu ilikuwa ikiungoja. Mstari wenyewe aliunukuu: ni ule wa kona na dereva.

Vesela aliusoma amesimama jikoni, maziwa yakamwagikia jiko bila yeye kuhisi. Kosa aliliona papo hapo. Alianza kumwandikia Kamburov, "Nashukuru sana, ila," akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwisho aliupiga picha ule ukurasa, akaupandisha kama ulivyo.

Pole zilimiminika kutoka kwa watu asiowajua. Mama mmoja wa Plovdiv, aliyefiwa na mwanawe, aliandika kwa kirefu jinsi ambavyo bado humtandikia marehemu kitanda. Vesela alimjibu, "Asante, mwenzangu." Alilitazama neno lile "mwenzangu" kwa muda, akaliacha.

Iskra, mtunza maktaba na rafiki yake wa tangu shule, alimpigia simu.

"Umeona alivyoandika kuhusu mtoto?"

"Mhakiki ana haki ya kusoma anavyosoma."

"Huko si kusoma, Vesa. Mrekebishe."

"Iskra, maisha yangu yote hakuna aliyenipa ukurasa mzima. Niache nifurahi kidogo."

"Furahi. Na Donka je?"

"Donka hana Facebook."

Ni kweli, Donka hakuwa nayo. Lakini binti yake, Yanitsa, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alikuwa nayo.

Jumamosi walimfanyia Vesela karamu katika jumba la kusomea. Uhakiki ulikuzwa, ukabandikwa kwenye ubao mlangoni. Palikuwa na mvinyo na banitsa, andazi la jibini lililotoka motoni, na mwenyekiti wa jumba aliusoma uhakiki kwa sauti ya mahubiri. Alipofika kwenye neno "mwanawe" alikohoa, akalipita haraka. Waliokuwamo walitazama viatu vyao. Wote walikuwa wamemzika Plamen. Hakuna asiyejua alikuwa wa nani. Wakapiga makofi hata hivyo.

Makofi hayajaisha, Donka akaingia. Alikuwa na kitambaa cheusi kichwani na bakuli kubwa mikononi. Ndani ya bakuli mlikuwa na ngano iliyochemshwa, ikachanganywa na sukari na jozi. Huko Lom ngano hiyo hupikwa kwa ajili ya marehemu tu, na wafiwa ndio huigawa.

"Karibu, dada," Vesela alisema.

"Nimekaribia." Donka aliliweka bakuli mezani, katikati ya vitabu. "Yanitsa kanipigia simu. Kanisomea gazeti lako mpaka mwisho. Nikasema, basi nimpelekee mwenye mtoto ngano yake, agawe mwenyewe."

"Dada, yule mhakiki alikosea tu."

"Wewe ukamwambia nini?"

Vesela alianza kuvipanga upya vitabu vilivyokuwa mezani.

"Na hao waliokupa pole, uliwajibu nini?"

"Niliwashukuru."

"Mimi waliponipa pole nilishindwa hata kuwatazama usoni," Donka alisema. "Wewe ukashukuru." Alimnyooshea kijiko. "Haya, gawa, mama. Watu wanangoja."

Vesela angeweza kusema nisamehe. Neno lilikuwa pale pale mdomoni. Lakini kwenye ubao palikuwa na jina lake kwa herufi kubwa, na kiburi kikatangulia.

"Niliandika kwa mapenzi, dada. Bila shairi hilo nani angemkumbuka Plamen?"

"Mimi," alisema Donka.

Hakupandisha sauti. Aliirudisha mikono yake kwenye bakuli, akaanza kugawa ngano kwenye vikombe vya karatasi vilivyoletwa kwa ajili ya mvinyo. Watu wakajipanga bila kuambiwa. Kila aliyepokea alisema, "Mungu amsamehe," akala, akatoka nje. Iskra alikula akilia. Mwenyekiti akaukunja uhakiki, asijue auweke wapi.

Wa mwisho alikuwa Vesela. Donka alimpimia kijiko kile kile alichowapimia wengine.

"Kula. Wewe ni mama yake mdogo. Hilo halikukutosha?"

Ngano ilikuwa tamu, na Vesela hakuweza kuimeza.

Usiku huo aliandika masahihisho kwenye ukurasa wake. Waliompongeza kwa mamia hawakuonekana. Mama wa Plovdiv peke yake ndiye aliyejibu. Aliandika, "Kumbe," basi. Kamburov naye aliomba radhi kwa adabu, gazeti likachapa mistari miwili chini kabisa, karibu na matangazo ya nyumba.

Lakini mchapishaji alikuwa ameshachapa toleo la pili, na nyuma ya jalada palikuwa na maneno ya Kamburov: mama aliyemzika mwanawe. Alimpigia Vesela simu.

"Nakala zimeshatoka kiwandani. Tuzirudishe, au tuyabadilishe maneno ya jalada toleo lijalo?"

Haikuwahi kutokea kitabu cha Vesela kifike toleo la pili.

"Toleo lijalo," alisema.

Nakala zote ziliuzwa. Toleo la tatu halikuja.

Siku hizi, akienda sokoni, hupita kwenye meza ya Donka, maana kupita kwingine ni kukiri kosa. Donka humchagulia pilipili nzuri, humpimia bila kupunja, humrudishia chenji yake.

"Karibu tena, bibi," humwambia, kama anavyowaambia wateja wote.